Kwani Feri Hakuna?

Katika ukoo wetu wa Nakuru tuko watatu tunaohesabiwa kuwa nje ya nchi, ingawa mimi huhesabiwa kwa shingo upande. Binamu yangu mmoja ni nesi Toronto. Mwingine yuko Doha. Mimi niko Unguja, natengeneza tovuti. Wa Toronto akikosa mazishi, shangazi zangu huguna kwa huruma: maskini mtoto, yuko mbali. Wa Doha akikosa harusi, wanamwombea likizo. Mimi nikikosa hata kikao cha mchango wa karo ya mtoto wa jirani, swali ni moja tu: kwani feri hakuna?

Feri ipo. Dar es Salaam hadi Unguja ni mwendo wa kama saa mbili. Ila feri haifiki Nakuru. Kutoka kwetu ni basi hadi Nairobi, kisha jingine hadi mpakani, kwa Namanga au kwa Lunga Lunga, halafu Arusha au Tanga, halafu Dar, ndipo uione hiyo feri miguu ikiwa imevimba. Ndege ya moja kwa moja ya Nairobi na Zanzibar haichukui hata saa mbili, lakini nauli yake haijui kwamba sisi ni majirani.

Ughaibuni wa karibu una karaha zote za ughaibuni, sifa tu ndizo hauna. Hakuna anayekupigia vigelegele uwanja wa ndege. Hakuna anayetarajia urudi na simu mpya kwa kila mpwa, na hilo ni nafuu, lakini pia hakuna anayeamini kwamba huko uliko nawe ni mgeni.

Chukua mambo ya karatasi. Kuingia naingia bila viza. Kufanya kazi ni mlango mwingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na kila aliyeisikia redioni hunihakikishia kwamba kibali sihitaji. Nakihitaji. Tena Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya kazi, mbali na ule wa Bara, na kibali cha ukaazi unakifuata Uhamiaji. Na huku mtaani huanzi jambo bila sheha. Mkenya mwenzangu, fikiria naibu wa chifu, ila huyu anajua hata nani kapanga chumba cha uani na kahamia na godoro la inchi ngapi. Wa kwetu aliniangalia juu ya miwani akauliza kama wazazi wangu wanajua niliko. Nikasema wanajua. Akataka namba ya mama, akaiandika kwenye daftari lake, ndipo akagonga muhuri.

Nyumba nimeipata Mombasa. Naam, Unguja kuna mtaa unaoitwa Mombasa, na mama yangu nilipompigia kumwambia nimehamia Mombasa alishangilia, akaniambia basi nipande treni nije wikendi. Ilichukua muda kumtuliza.

Nilikuja na kampuni changa. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza mpango wa Silicon Zanzibar, wa kuvuta kampuni za teknolojia zije kukaa visiwani, na Fumba, kule kusini mwa mji, ndiko kulikotajwa sana. Mwajiri wangu alikuwa mmoja wa waliovutika. Tulikuwa na meza nyeupe, mashine ya kahawa ambayo hakuna aliyejua kuisafisha, na upepo mzuri wa bahari. Kisha fedha za wawekezaji zikakauka. Mshahara ukachelewa, ukachelewa tena, ikaja barua. Kibali changu kilikuwa kimefungwa kwa mwajiri yule yule, kwa hiyo nikawa nimepoteza kazi na haki ya kutafuta kazi kwa mpigo mmoja. Shangazi mmoja akasema si urudi tu, ni hapo. Sikurudi. Kampuni ndogo ya mjini, inayohudumia hoteli na waongoza watalii, ilinichukua na kuanza mchakato wa vibali upya.

Kazi yenyewe ina misimu kama kilimo. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari, wenye hoteli hawana muda nawe. Wanataka tu ukurasa usianguke. Masika ikiingia, Machi hadi Mei, fukwe za Paje na Nungwi zinapoa, nyumba nyingine za wageni zinafungwa kabisa, na hapo ndipo kila mwenye hoteli anakumbuka kwamba picha za tovuti yake zina kitanda alichokwisha kukiuza. Mvua inapiga bati, mimi nabadilisha picha za vitanda.

Umeme nao nimeuzoea. Nina betri ya akiba chini ya meza, na nanunua tukuza mapema, maana hiyo ndiyo huku wanayotumia kulipia umeme kabla ya kuutumia. Nguvu inatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari na kuibukia Fumba. Ukikatika dakika kumi nikaanza kuhema, mwenye nyumba wangu, Bi Mkubwa, hunikata maneno: Desemba 2009 njia hiyo iliharibika na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, lakini yeye pasi ya makaa hajaitupa. Ameiweka juu ya kabati, anaisugua kila Ramadhani.

Marafiki zangu wa karibu ni wawili, na hakuna Muunguja hata mmoja kati yao. Mmoja ni mtoto wa Wete, Pemba, tuliyeanza naye kazi. Yeye huchora kurasa, mimi naziandikia programu. Kwake yeye Unguja hii hii ni ugenini. Kwao nako wanamuuliza kwani meli ya Mkoani haiji, na msimu wa karafuu ukifika anaomba ruhusa kwenda kuchuma na wenzake, anarudi na vidole vimebadilika rangi na halua ya Wete ndani ya kikapu. Wa pili ni fundi wa simu pale Darajani, kijana wa Mbeya. Yeye hajavuka mpaka wa nchi yoyote, lakini wateja wanamwita Mbara, na akikosea bei ya kioo cha simu wanasema Wabara ndivyo walivyo. Ijumaa jioni tunakutana Forodhani. Wapishi wa pale wameshatuzoea, hawatupigii tena bei ya wageni, isipokuwa mimi nikitangulia peke yangu na kufungua mdomo. Lafudhi yangu ya Bonde la Ufa ina kodi yake.

Sasa niwaeleze kazi ninayoionea fahari.

Kuna nahodha, mtaa mzima humwita Ami, anayepeleka watalii kwenye fungu la Nakupenda, ule mchanga mweupe ulio karibu na kisiwa cha Changuu. Fungu lile huonekana maji yakipwa. Yakijaa, ni bahari tupu. Shida yake ilikuwa wageni waliokuwa wakihifadhi nafasi mtandaoni kwa saa waipendayo wao, kisha wanafika jetini na kukuta mchanga waliolipia umelala chini ya maji. Wanarudi kwao, wanamwandika vibaya. Akaja ofisini siku ya mvua na swali moja: hiyo tarakilishi yenu haiwezi kuwakataza?

Nikamwambia inaweza, alimradi nipate jedwali la maji. Akacheka. Akaniambia, "Mwanangu, jedwali ni huu mwezi." Akakunja ngumi, akaanza kuhesabu kwenye vifundo vya vidole. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapwa sana na kujaa sana: hupwa mnamo saa nne asubuhi, hujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika hamsini. Ikifika wiki, mambo yamegeuka, saa nne ile ile maji yamejaa, na tena ni maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana, fungu linachungulia tu. Wiki nyingine ikipita, bamvua tena.

Nikaiandika vivyo hivyo. Mistari haikuzidi hamsini: umri wa mwezi, saa ya kupwa, kisha dirisha la saa mbili kabla na mbili baada, siku za maji mafu zikiwekewa rangi ya kijivu. Kabla ya kuiweka hewani nikailinganisha na majedwali yaliyochapishwa. Siku za bamvua na zile zinazoifuata hesabu ya Ami ilikaa vizuri. Maji mafu yalipokaribia ikaanza kuachana na kitabu, na nilipompelekea karatasi aone, hakushtuka. "Hapo maji ni mavivu," akasema, "huongezi hamsini, waongeza saa nzima na zaidi. Na bamvua yana haraka, haifiki hamsini." Ndivyo kitabu kinavyosema pia. Miaka yangu minne ya chuo haikunifundisha lolote kuhusu bahari, na huyu mzee alikuwa na kanuni na marekebisho yake kwenye mkono mmoja.

Jambo moja lilitupa kazi zaidi ya mwezi wenyewe: saa. Ukurasa wa Kiswahili unasema saa nne asubuhi, wa Kiingereza unasema 10:00, na haiwezekani kumwachia mfasiri wa mashine, kwani yeye huandika saa kumi bila wasiwasi, na saa kumi siku ya bamvua ni kuogelea. Rafiki yangu wa Wete alichora saa mbili za mshale kando kwa kando, mtalii na mwenyeji kila mtu na yake. Siku hizi hata manahodha wasio na tovuti hufungua ukurasa ule kwenye simu zao, ingawa mbele ya Ami wanajifanya wanatazama mpira. Malipo yalikuja kwa simu, na juu yake jodari mzima niliyemgawa mtaa mzima kwa sababu friji yangu haikumtosha.

Hatua nyingine sikuiandikia programu. Mwaka wa kwanza Bi Mkubwa alipomwoza mwanawe nilialikwa kama wageni walivyo: kiti cha plastiki, soda, sahani ya pilau, na mtu wa kuniuliza kila baada ya muda kama nimeshiba. Nilikaa vizuri na nilichoka vizuri. Mara ya pili, ilikuwa mjukuu anaolewa, nikaletewa kipande cha kitambaa cha sare nikashone, na siku mbili kabla ya harusi nikaitwa uani alfajiri. Nikapewa ungo. Nilichagua mchele pamoja na wanawake ambao sikuwajua majina, nikisikiliza habari za watu ambao pia siwajui, na hakuna aliyeniuliza kama nimeshiba. Vitunguu thaumu vilikuwa beseni zima. Mama mmoja alinitazama ninavyomenya akanyang'anya kisu, akanirudisha kwenye mchele. Jioni ikagunduliwa kwamba daftari la michango halisomeki, nikafungua laptopu palepale juu ya mkeka, moshi wa udi ukinipita usoni, nikapanga majina na kiasi. Nikaambiwa nisimwonyeshe mtu. Sijamwonyesha.

Mimi ni Mkristo, husali kanisa la Minara Miwili, na mama alikuwa na hofu ya Ramadhani kuliko ya bahari. Utakula wapi? Ukweli ni kwamba mchana mikahawa mjini hufungwa na mimi hujifungia na mkate wangu ndani kimya kimya, kwa adabu tu. Magharibi ikiingia Bi Mkubwa anagonga ukuta, na huo ndio mwito wangu. Uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, mkate wa kumimina. Uzito niliouongeza Ramadhani moja sikuupata Krismasi zote za Nakuru.

Mwaka huu mama alikuja mwenyewe kuhakiki. Alivuka Julai, kusi inavuma, akatapika tangu Dar inapotea machoni hadi tunaona minara ya mji. Alishuka na paketi nne za unga wa kwetu na kilo mbili za majani ya chai, akashikwa mkono na Bi Mkubwa kama mtu na dada yake. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mkalimani wa tabia. Hawakunihitaji. Siku ya pili walikuwa wamekaa uani wakilinganisha miguu inayouma na watoto wasiopiga simu. Siku ya nne mama akawapikia ugali na mboga, wakala kwa heshima, na Bi Mkubwa akasema ni chakula kizuri kwa mgonjwa.

Shida ni kwamba walibadilishana namba. Sasa wanapigiana bila kupitia kwangu, kila Jumapili baada ya misa ya mama, kwa bando ninalolinunua mimi pande zote mbili. Mazungumzo hudumu dakika arobaini. Wiki iliyopita mama aliniuliza, kama jambo la kupita tu, yule mpwa wake Ami anayeendesha boti la pili ni kijana wa namna gani. Mimi sijawahi kumtajia mama kwamba Ami ana mpwa.