Nilivyomfanya ami amalize dawa za tumbo

Atakayekwambia maji ya kabeji na maziwa yanatibu vidonda vya tumbo, mpe salamu zangu. Hapa Lamu kila baraza lina daktari wake, na ami yangu amewasikiliza wote kwa miaka.

Mombasa wakamteremshia kamera, wakachukua vipande vidogo vya nyama ya tumbo wakavipime. Si saratani, ila ukuta wa tumbo umechakaa na bakteria wa Helicobacter pylori wamejaa. Ami kusikia "si saratani", dawa mfukoni, akataka basi la kurudi. Daktari akanivuta kando: hawa wametajwa tangu 1994 na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kuwa visababishi vya saratani ya tumbo. Uvimbe wanaouleta ukidumu, vikundi vya methili, yaani vijipande vidogo vya kemikali, hugandia DNA, ule uzi wa maagizo ndani ya seli, na jeni, yaani agizo moja la uzi huo, ikanyamaza bila herufi yake hata moja kubadilika. Mojawapo ni CDH1, yenye kutoa protini inayoshikanisha seli.

Sasa, ami ni fundi wa majahazi Matondoni. Ukimtajia DNA anatazama saa. Nikamvizia akitia kalafati, pamba inazama kati ya mbao, nyundo taratibu.

"Ami, fundi wa kalafati yu mzima, zana anazo, lakini kuna mtu kamfungia stoo. Chombo kitakuwaje?"

"Kitavuja, mwanangu. Tena kitazama."

"Basi aliyefunga huo mlango yumo tumboni mwako."

Nyundo ikasimama. "Na huyo akitolewa, fundi atafunguliwa?"

Swali la kisomi! Bakteria wakiisha, methilesheni, yaani huko kugandiwa na methili, hupungua, ila si yote hufutika. Jioni ile akaanza vidonge: antibayotiki mbili na omeprazoli ya kupunguza asidi ya tumbo, kutwa mara mbili, siku 14. Klarithromaisini, mojawapo ya hizo antibayotiki, huacha uchungu mdomoni, tende inasaidia.

Kisha maabara moja ikampima damu: "Bado wapo, nunua dozi nyingine." Nilipandwa na hasira! Kipimo cha damu husaka kingamwili, askari wa mwili, nao hubaki kwenye damu hata bakteria wakishakufa. Pima choo, angalau wiki 4 baada ya dozi, omeprazoli ikiwa imeachwa wiki 2. Kopo lilikuja mjini kwa mashua, ndani ya mfuko mweusi, na abiria mmoja akaniuliza kama ni halua. Nikamwambia imeshanunuliwa.

Majibu: hakuna kitu. Kipimo hicho si ghali. Kamera na nauli ndizo zilizotukausha. Kamera itarudiwa, maana ukuta ulishachakaa. Ami amekubali, ila kwanza jahazi la watu lishushwe majini.