Usiku Nilioulizwa Jina Baharini

Juzi asubuhi binti yangu aliacha uji wake ukipoa, akanitazama mdomoni kwa muda, kisha akaniuliza: "Baba, maneno yako huwa yanakwama wapi?" Hakuuliza kwa nini, wala hakuuliza yatapona lini, maswali mawili ambayo nimeyazoea tangu nilipokuwa na umri wake na ambayo nina majibu yake ya akiba. Aliuliza mahali. Nilimwonyesha midomo, nikamwonyesha koo, naye akaridhika na kurudia uji wake. Mimi sikuridhika, kwa kuwa swali lile lilinipeleka moja kwa moja Kigombe, kijiji chetu cha wavuvi pwani ya Tanga, kwenye ngalawa ya Mjomba, katika usiku mmoja wa mwaka 2006 ambao sijapata kuusimulia mpaka mwisho.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu kabla ya wakati. Habari ya mazoezi ya kufundisha ni fupi: nilisimama mbele ya darasa, nikashindwa kutaja jina langu kwa kigugumizi, nikageuka na kuliandika ubaoni, na mwalimu aliyekuja kunitathmini akanimalizia sentensi zangu karibu kipindi kizima. Alifanya hivyo kwa huruma, na ni huruma hiyo iliyonifungisha begi. Ukali ningeuvumilia; nilikuwa nimeuzoea tangu shule ya msingi.

Mtu mwenye kigugumizi, kama ni mjanja, huishi kwa kukwepa. Huliona neno gumu likija akiwa bado katikati ya sentensi, akachepuka na kuchukua jingine. Nimenunua mishumaa dukani nilipokuwa nataka betri, na nimekula wali mtupu mara nyingi nikiwa natamani biriani, kwa sababu herufi B kwangu hufunga midomo na kugoma kuifungua. Wenzangu wa chuoni waliniona mtu mpole, mwenye maneno machache na msamiati wa ajabu ajabu. Jina la mtu, hata hivyo, halina kisawe. Langu linaanza na hiyo hiyo B, na ndiyo maana chuoni nilijitambulisha kwa jina la babu yangu, linaloanza na S, herufi inayoteleza. Kwa miaka karibu miwili niliitikia jina la marehemu.

Nyumbani walikuwa wamejaribu kila walichokijua. Bibi alinisomesha dua ya Nabii Musa, ile ya kuomba fundo la ulimi lifunguliwe, nami nikaihifadhi kabla sijafikia umri wa kwenda shule. Jirani mmoja alishauri nikatwe kimeo. Mama akakataa, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Jambo lililowashangaza wote ni kwamba madrasa, tukisoma kwa pamoja, sikukwama hata mara moja, na nikiimba vilevile sikukwama, hivyo wakahitimisha kuwa ninafanya makusudi. Baadaye sana nilisoma kwamba ndivyo ilivyo kwa wengi wetu. Kwamba karibu mtoto mmoja kati ya 20 hupitia kigugumizi na wengi wao kikaondoka chenyewe. Kwamba kwa watu wazima hubaki mmoja hivi katika kila 100. Kwamba hali hii hufuata ukoo, na kwamba haitokani na woga, ingawa woga haukawii kuja kuishi nayo. Hilo la ukoo ndilo lililonifanya nimsikilize binti yangu kwa sikio la wizi tangu alipoanza kuunganisha maneno. Lakini mwaka 2006 sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba sitaki kuzungumza na mtu.

Mjomba hakuniuliza nimerudi kufanya nini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama begi langu, akasema: "Kesho maji mafu. Tutalala nje." Huo ndio ulikuwa mkutano wetu wote juu ya mustakabali wangu.

Wanaovua kwa mshipi hupenda maji mafu kwa sababu mkondo hulegea na chubwi, ile risasi ya kuzamisha uzi, hutua pale ulipoliangusha, badala ya kuburutwa na mkondo mkali wa bamvua hadi uzi ukalala kimshazari na usijue tena ndoana iko wapi. Unautundika uzi juu ya kidole cha shahada, unakaa, unasikiliza kwa ngozi. Changu hudokoadokoa, kisha hutingisha kichwa. Chewa humeza mara moja na kugeuka kurudi pangoni mwake, na akiingia huko huwezi kumtoa ila kwa kukata uzi. Haya yote Mjomba hakunieleza. Alinipa mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, akanipa vipande vya ngisi, akaniacha nijue mwenyewe. Nilimpenda kwa hilo. Baharini usiku ukimya ni adabu, na mtu asiyesema kitu kwa saa tatu huhesabiwa kuwa mvuvi mzuri. Kwa mara ya kwanza maishani ule ubaya wangu ulikuwa sifa.

Kwa hiyo nilikwenda kila alipokwenda, na alipopumzika nilisononeka. Nilikuwa na sababu nyingine ya kujificha. Miaka ile Kigombe ilikuwa ikitembelewa na wageni wenye madaftari na kamera waliokuja kuuliza habari za silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani alikwisha zamani pamoja na madinosaria, mpaka alipopatikana mmoja hai Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu miaka michache kabla ya usiku ninaousimulia alikuwa akinaswa kwenye majarife, nyavu za kina kirefu, za wavuvi wa kwetu. Wageni walipofika, wazee walitafuta kijana aliyesoma wa kutafsiri. Kijana aliyesoma alikuwa mimi. Mara nyingi nilijikuta nina haja ya haraka ya kutengeneza ngalawa.

Usiku wenyewe ulikuwa wa tangambili, wakati kaskazi imechoka na kusi haijashika, bahari imetulia. Tulitia nanga ng'ambo ya miamba, upande wa Karange, kwenye kina cha pima 15 hivi. Mwezi wa nusu ulizama karibu na saa sita, na baada ya hapo hatukuona tena hata ncha ya mlingoti wetu. Tochi tuliizima kubana betri. Mwanga pekee ulikuwa ule wa majini, vile vimulimuli vinavyowaka maji yakitikiswa: ukivuta mshipi, uzi mzima ulionekana ukipanda kutoka chini ukiwa umechorwa kwa nuru ya kijani, kisha ukatulia na giza likaufuta. Mjomba alikuwa tezi, nyuma ya ngalawa, mimi omoni, mbele. Tulikuwa na changu wachache kwenye ndoo.

Kisha nikasikia kiti cha ubao kikilia upande wa Mjomba, na pumzi yake ikabadilika. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa amesimama nusu, goti moja kwenye ubavu wa ngalawa, na uzi ulikuwa ukimkata viganja kwenda chini. Alikuwa na chewa, na chewa alikuwa anatafuta pango.

Hapo hapo nikasikia makafi. Chombo kilitujia bila taa kutoka upande wa bara, wanaume watatu au wanne wakinong'ona, kisha mwanga mkali wa tochi ukatupiga machoni.

"Nani nyie?"

Lazima nieleze kwamba swali hilo halikuwa la salamu. Mwezi ule jarife mbili zilikuwa zimeibwa, na isitoshe ilikuwa ni miaka ya uvuvi wa baruti. Asubuhi nyingi tuliisikia ikipasuka upande huu au ule, mshindo mmoja mzito unaoingia kwenye mbao za ngalawa kabla haujafika masikioni, na watu walioua miamba kwa namna hiyo hawakupenda kuonekana wala kujibu maswali. Chombo kilichotia nanga gizani bila taa, na kisichojibu kikiitwa, kilikuwa na maelezo ya kutoa.

Mjomba hakugeuza hata shingo. "Waambie," akasema.

Nikafungua kinywa, au tuseme nilikusudia kukifungua. Midomo ilishikana. Nyuma yake pumzi ilikuwa imejaa, shingo imekaza, macho yananitoka machozi kwa ile tochi na kwa ile B. Nilifanya kama nilivyozoea: nikachepuka. "Sisi!" nikasema, na ikatoka laini kabisa.

"Sisi nani?"

Ujanja uliniishia. Lile jina la S nililotembea nalo chuoni hakuna aliyelijua Kigombe kuwa ni langu. Jina la Mjomba, hata kama adabu ingeniruhusu kumtaja mbele ya watu kavukavu, linaanza na K, ambayo si rafiki yangu pia. Nikamtazama Mjomba, ambaye kwa neno moja tu angemaliza mambo, kwa sababu sauti yake inajulikana kutoka Tongoni hadi Pangani. Alikuwa ameinamia maji, anavuta, anaachia, anavuta. Alinipa mgongo.

"Mbona hamjibu?" Sasa sauti ilikuwa nyingine, na nikasikia mti ukigonga ubao, upondo ukiinuliwa.

Basi nikaiachia. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiizuia B kabla haijaanza, na usiku ule niliiacha ianze na ijiendee. Ilitoka vibaya. Ilitoka moja, ikatoka nyingine, zikafuatana mfululizo juu ya maji yaliyotulia, ambako sauti husafiri mbali na hakuna dawati wala kikohozi cha kujifichia, na kila moja niliisikia ikienda na kufika kwa watu wale. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba silabi ya pili ya jina langu ilikuwa bado haijafika pale mmoja wao alipocheka, cheko la mtu aliyeshusha mzigo, akasema kwa wenzake:

"Aa, wenyewe hao! Yule mpwa wa Mzee, yule mwenye kigugumizi, aliyekwenda kusomea ualimu. Mjomba wako yupo?"

"Yu-yu-yupo. A-a-ana samaki."

"Haya, msalimie."

Tochi ikazimwa, makafi yakaendelea. Nililimalizia jina langu baada ya wao kuondoka, kwa sauti ndogo, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuanza.

"Nipe hicho kirungu," Mjomba akasema. Chewa alikuwa juu, mdomo wazi, mrefu kuliko mkono wangu kutoka begani.

Kwanza nilikasirika. Nilikuwa nimetumia ujana wangu wote kukificha kitu, nimekula wali mkavu kwa ajili yake, nimelikana jina langu kwa ajili yake, kumbe kijiji kizima kilinijua kwa kitu hicho hicho, wala hakuna aliyeona ni habari kubwa. Mwizi wa nyavu anaweza kujifunza jina la mtu na hata la mama yake. Hakuna ambaye angejifunza kukwama kwangu. Walinitambua kwa hilo, na wakaniamini kwa hilo. Baada ya hasira kilikuja kitu kingine ambacho sijapata namna nzuri ya kukieleza, isipokuwa kwamba niliketi omoni na, bila sababu yoyote, nikasema kwa shida na kwa sauti: "Biriani."

Mjomba akanyamaza kidogo. "Una njaa?"

Yaliyofuata ni mafupi. Muhula uliofuata nilirudi chuoni, nikarudia mazoezi ya kufundisha katika shule nyingine, na siku ya kwanza nikajitambulisha kwa jina langu. Lilichelewa kiasi kwamba mtoto wa nyuma akacheka, mwenzake akamkanya, halafu tukaendelea na hesabu za sehemu. Sikupona, na wala bahari haikunitibu. Huko pia nilikwama kama nchi kavu. Nasema hivi kwa sababu watu niliowadokezea kisa hiki hupenda kukimaliza wao kwa kusema kwamba utulivu wa bahari ulinifungua. Utulivu niliupenda, na hadi leo nikienda likizo hulala nje na mshipi wangu, lakini nikiupima kwa haki naona ulikuwa maficho mengine tu, bora kuliko begi na bora kuliko jina la babu. Kama si wale watu na tochi yao, nadhani ningekuwa bado niko pale omoni, mvuvi mzuri asiyesema. Au labda nawapa sifa wasiyostahili. Labda bila zile wiki za kukaa kimya nisingekuwa na nguvu ya kuvumilia dakika ile. Sijui. Na bado ziko siku ninaagiza wali.

Kuna jambo jingine lililonisumbua kwa miaka: kama Mjomba aliniachia makusudi. Mtu anayesubiri samaki usiku kucha bila kuvuta kabla ya wakati, nilijiambia, bila shaka anajua pia kumsubiri mtu. Lilinivutia sana wazo hilo, na nikalibeba hadi nilipopata ujasiri wa kumuuliza, akiwa mzee tayari, barazani kwake, akiparua nazi kwa ajili ya wajukuu. Nilimuuliza kwa urefu wangu wote, naye akanisubiri hadi mwisho bila kuinua macho kwenye mbuzi.

"Nilikuwa na chewa mkononi," akasema. "Ulitaka nimwachie?"