Jicho Langu Baada ya Damu Kuondoka

Tulikuwa tukipandisha gunia la lumbesa kwenye lori, pale soko la mahindi la Kibaigwa, nami nikabana pumzi na kusukuma kwa nguvu zangu zote, ndipo doa jekundu lilipotanda katikati ya jicho langu la kulia. Sikuhisi maumivu yoyote. Nilipofumba jicho la kushoto, uso wa kuli aliyekuwa mbele yangu haukuwapo, ingawa kofia na mabega yake niliyaona.

Dodoma mjini, daktari wa macho alinitia matone ya kupanua mboni, akachungulia kwa muda mrefu. "Mzee wangu," akasema, "damu imetuama mbele ya retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, haimo ndani yake, na hiyo ni heri." Alieleza kwamba mtu akibana pumzi huku akisukuma mzigo, shinikizo hupanda kwenye mishipa ya damu hadi kijishipa cha retina kikapasuka, hali hiyo imepewa jina la Valsalva, mtaalamu wa anatomia wa Italia aliyefariki mwaka 1723. Leza ingeweza kutoboa utando unaoizuia damu ili imwagikie kwenye ute wa jicho na kufyonzwa huko, lakini doa halikuwa kubwa, tukakubaliana kungoja. Niliambiwa nilale kichwa kikiwa juu na nisinyanyue vizito, amri ngumu kwa mfanyabiashara wa mahindi.

Damu ilififia polepole. Jicho lililokuwa likisoma 6/60, yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60, likafika 6/6, na muuguzi akanipongeza.

Mimi nilikuwa bado na la kusema. Nikimwaga punje kiganjani, jicho la kushoto lilibagua mara moja punje iliyoanza kuoza. La kulia liliziona zote zimepauka, hasa jioni. Daktari hakunipuuza. Alinipa karatasi ya miraba yenye nukta katikati, na mistari iliyo jirani na nukta ikaonekana imepinda. Akasema herufi nyeusi kwenye chati nyeupe hupima jambo moja tu, na kwamba damu ikishaondoka huweza kubaki utando mwembamba unaoivuta retina. Maadamu mistari haizidi kupinda, upasuaji haukuhitajika. Karatasi ile niliibandika karibu na kalenda, nikawa naikagua kwa jicho moja moja kila asubuhi, na ununuzi wa jioni nikamwachia mwanangu.