Asili ya jina Washington, na mahali watafutaji wanapopotea

Wengi wanaotafuta asili ya jina hili hupotea kwa kulisoma lilivyoandikwa leo, wakalihusisha na kufua («wash» kwa Kiingereza) au na maji. Jina la ukoo lililotokana na mahali husomwa kwa tahajia yake ya zamani kabisa, kisha huchambuliwa kuanzia mwisho.

Katika Boldon Book, daftari la mali za Askofu wa Durham la mwaka 1183, kijiji cha Washington, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kimeandikwa kwa umbo la Wessyngton. Mwisho wake, «ton», ni «tun» ya Kiingereza cha kale, yaani boma au shamba lenye makazi. Kipande cha «ing» kinaliunganisha boma na mwenyewe, na mwenyewe ni Hwæsa, jina la mwanamume wa Kianglo-Saksoni. Basi ni boma la Hwæsa.

Daftari hilohilo linaonyesha jinsi jina lilivyomvaa mtu. William de Hertburn alimwachia askofu kijiji cha Hertburn, akapewa Wessyngton badala yake. Alipobadili ardhi, jina nalo likabadilika. Uzao wake ukawa «de Wessyngton», na baadaye «de» ikadondoka.

Hiyo ni njia ya makabaila. Watu wa kawaida walipata majina ya namna hii walipohama, maana ndani ya kijiji kimoja jina la kijiji halimtofautishi mtu na jirani yake. Ndivyo ilivyo kwa Barawi: huitwa hivyo akishafika Lamu au Mombasa, si akiwa kwao Barawa.

Sasa mtego. Ukifungua Domesday Book, daftari la ardhi za Uingereza la 1086, utakuta Wasingetune, ukadhani umefika. Hapo uko Sussex, kusini kabisa, kwenye kijiji kingine chenye asili tofauti: boma la watu wa Wassa. Durham haikuorodheshwa kabisa katika Domesday. Kwa hiyo thibitisha kwanza wilaya ambamo ukoo unaonekana, ndipo uchague kijiji.

Tawi la ukoo wa Durham lilipata Sulgrave, Northamptonshire, mwaka 1539. John Washington akavuka kwenda Virginia katika miaka ya 1650. Rais George Washington, aliyezaliwa 1732, ni kitukuu chake.

Lakini jina si damu. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya wenye jina hili walikuwa Wamarekani weusi. Wengi walijichagulia wenyewe, kama Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani na kujitajia jina hilo shuleni. Anayefuatilia ukoo wa aina hii asianzie Durham. Aanze na sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika walioachwa huru kwa majina yao. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 humtaja mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya mtumwa, kwa kawaida bila jina lake. Hapo itabidi amtafute mmiliki, ambaye mara nyingi hakuitwa Washington.