Besi iliyopotea kwenye milango ya Probox
Spika mpya za inchi 6.5 nilizofunga kwenye milango ya Probox, gari la Toyota, zililia kwa nguvu, lakini besi, ile sauti nzito ya chini, haikuwepo. Nikisukuma balansi (kitufe cha redio cha kugawa sauti kushoto na kulia) upande mmoja, besi inarudi. Nikiirudisha katikati, inatoweka. Dalili hiyo ni ya nyaya zilizokaa kinyume: koni (ile sehemu ya spika inayocheza) moja inasukuma hewa nje, nyingine inaivuta ndani.

Gari lililopita mikono mingi hapa Kisumu, rangi za nyaya zake usiziamini. Nilizichomoa redioni, nikazigusisha kwenye betri ya volti 1.5, ile ya rimoti, mara moja tu. Koni ikiruka nje, waya uliogusa chanya ndio chanya. Waya uliokuwa chanya redioni nikaugusisha chanya ya betri; koni ya kushoto iliingia ndani, yaani nyaya zake zilikaa kinyume. Nikazibadilisha.

Besi ikaja, na mlango ukaanza kutetemeka kama debe tupu. Nilikata pete ya plaiwudi ya kukalia spika mlangoni, nikaipaka rangi ya mafuta maana maji ya mvua hupita ndani ya mlango, na huku ziwani mvua haibembelezwi. Ukingo nikauziba kwa sponji ili hewa ya nyuma ya koni isikutane na ya mbele. Kabla ya kukaza skrubu, shusha kioo hadi chini. Kikigusa sumaku iliyo nyuma ya spika, ongeza unene wa pete.