Mpe wangu kitu kikubwa kidogo

Onyesho la wanafunzi wangu wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa, likikaribia, wazazi huanza: "Mwalimu, mpe wangu kitu kikubwa kidogo." Simpi. Mtoto wa miaka saba mwenye selo ndogo ya kitoto, ya saizi ya robo, nampa wimbo unaokaa kwenye nyuzi mbili, D na A, kwa kidole cha kwanza, cha tatu na cha nne tu.

Ndiyo maana naupenda Wimbo wa Furaha wa Beethoven, kutoka simfonia yake ya tisa ya mwaka 1824. Katika ngazi ya D meja unapanda na kushuka hatua kwa hatua, karibu bila kuruka. Mtego ni mmoja: mwisho wa mstari wa tatu sauti inadondoka hadi A ya chini, kwenye uzi wa G, na upinde hupotea njia. Hapo ndipo tunapokaa wiki nzima. Wadogo kabisa nawakatia mstari huo. Hakuna mzazi aliyewahi kugundua.

Wanaoweza zaidi hupewa Rigadoon, kipande cha dansi cha mtunzi Mwingereza Purcell. Minueti za Bach, nazo vipande vya dansi, zisubiri. Ambao upinde bado unawashinda wadonoe nyuzi kwa kidole, na piano iwepo, hata ya umeme. Inafunika makosa mengi.