Joto lote limejificha baharini

Kuna kitu nikikifikiria nashangaa kila mara, maji ya juu tu ya bahari, kama mita 3 hivi, yanabeba joto sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Mita 3 tu! Na bahari ina kina cha wastani karibu mita 3,700, we piga hesabu mwenyewe. Ndo maana zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada tulilosababisha kwa kuchoma mafuta na makaa ya mawe limemezwa na bahari, watu wanadhani limepotea kumbe lipo.

Na linarudi. Kimbunga kinataka maji ya nyuzi 26 au 27 hivi kwenda juu, mvuke unapanda, ukifika juu unapoa unakuwa matone, hapo joto linaachiwa linazidi kuvuta hewa nyingine kutoka chini, basi kinajilisha hivyo hivyo mpaka kikute nchi kavu au maji baridi. Kile kimbunga Freddy cha 2023 kilidumu zaidi ya mwezi mzima, kikavuka Bahari ya Hindi yote kutoka upande wa Australia, kikaua mamia ya watu Malawi. Inaniuma sana mpaka leo.

Ila kuna jambo dogo nalipenda mno. Angalia povu la wimbi kwa karibu: kila kiputo kikipasuka kinarusha vitone hewani, maji yanakauka inabaki chembe ya chumvi, upepo unaipandisha, na huko juu mvuke unaing'ang'ania hiyo chembe mpaka linaanza wingu.